Kutoka Paje hadi Kibuyuni: safari ya kutafuta soko la mwani

Kikundi cha wakulima wa mwani ninachokitunzia hesabu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, kimekuwa kikimuuzia wakala mmoja kwa miaka mingi, na kila msimu swali linalorudi kikaoni ni lile lile: je, hakuna mnunuzi mwingine? Mwezi wa Agosti wanachama walichanga nauli, wakanituma mimi pamoja na katibu wa kikundi, ambaye hapa nitamwita Mama Katibu kama anavyoitwa kijijini, twende Unguja, Pemba na Kwale, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, tukaulize wenyewe. Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa msaada wa daftari langu, stakabadhi za nauli na picha zilizomo katika simu ya Mama Katibu, ambaye hupenda kupiga picha mizani kuliko kupiga picha watu.

Jumatano: Tanga, Dar es Salaam, Unguja

Siku ya kuondoka tuliichagua kwa kuangalia mwezi. Mwani hupandwa na kuvunwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na bamvua huja na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Anayekwenda siku za maji mafu atakuta bahari imefunika mashamba na wenye mashamba wamo katika shughuli nyingine. Basi la alfajiri hadi Dar es Salaam lilitugharimu shilingi 20,000 kila mmoja, na boti ya alasiri shilingi 30,000 kwa daraja la kawaida. Kusi lilikuwa kali na abiria wengi walitapika. Mama Katibu alilala.

Kwa atakayefuata: chukua kitambulisho cha taifa hata kama hutoki nje ya nchi, kwa kuwa huombwa wakati wa kukata tiketi, na usimpe mtu wa nje ya ofisi fedha za tiketi.

Alhamisi: ghalani, mjini Unguja

Msafirishaji wa mwani tuliyeahidiwa kuonana naye saa tatu asubuhi hakuwapo, na simu yake haikupokewa hadi adhuhuri. Tulikwisha kukata tamaa, tukawa tunakula urojo kando ya barabara, pale muuza urojo aliposikia mazungumzo yetu na kusema kwamba shemeji yake ni mpimaji katika ghala jingine la mwani. Alimpigia simu papo hapo, akatuandikia jina la mtaa kwenye kipande cha karatasi ya kufungia kachori, na akakataa kulipwa kwa bakuli la pili.

Ghala lilikuwa limejaa marobota yaliyobanwa kwa mashine na kufungwa kamba, tayari kwa bandari. Mpimaji alitueleza mambo kwa subira ambayo hatukuitegemea. Alichota konzi ya mwani, akaikunja, akasema kwamba mwani uliokauka vizuri huvutika kama mpira, hauachi maji kiganjani, na ukiupukuta chumvi hudondoka yenyewe. Wanunuzi wa nje, alisema, hutaka unyevu usiozidi asilimia 35 au juu yake kidogo, na mchanga ndio unaowaudhi zaidi, kwa sababu wanalipia uzito na hawataki kulipia ufuo. Kisha akamgeukia Mama Katibu akauliza: “Mna tani ngapi kwa mwezi, bibie?”

Jibu letu lilikuwa tani moja na nusu ya mwani mkavu, katika mwezi mzuri. Akachukua chaki, akapiga hesabu ukutani. Kontena la futi 40 hubeba tani 20 na zaidi za mwani uliobanwa. Kwa hiyo kikundi chetu kingehitaji mwaka mzima na ushei kulijaza, na hakuna mnunuzi wa ng'ambo atakayengoja muda huo wala mwani utakaobaki na ubora wake. Mtu wa kiwandani nchini Denmark au Ufaransa hamjui mkulima, anajua kontena.

Nikauliza juu ya bei. Zao hili, alieleza, hununuliwa kwa ajili ya karajinani, yaani ute unaogandisha na kushikamanisha maziwa, dawa ya meno, nyama za kopo na vipodozi. Aina za mwani unaolimwa ni mbili: spinosamu hutoa karajinani ya aina ya ayota, yenye mgando laini, na kotonii hutoa kapa, yenye mgando mgumu na inayotafutwa zaidi. Wazalishaji wakubwa ni Indonesia na Ufilipino, na bei ikishuka huko, huku pwani ya Afrika Mashariki hushuka bila mtu yeyote wa hapa kufanya kosa. Nilimwona Mama Katibu akiandika jambo hilo na kulipigia mstari, maana katika vikao vyetu kila bei inaposhuka lawama humwangukia wakala. Si kwamba wakala hana lake. Ila si yote ni yake.

Ijumaa: Paje

Tuliondoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa daladala namba 309 iendayo Jambiani, shilingi 2,500, ili tuwahi maji. Siku za bamvua kubwa huku maji hukupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na tulipofika kinamama walikuwa wamekwisha kuingia, wameinama katikati ya vigingi, maji yakiwafika magotini.

Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani wa biashara kilikoanzia Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo mwani wa kuokota ufuoni na miambani uliwahi kuuzwa nje kwa miongo kadhaa mpaka ukapungua, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyesisitiza kwa utafiti wake kwamba ungeweza kulimwa. Bibi mmoja aliyekubali tumfuate shambani alikuwa miongoni mwa walioanza siku zile. Alituazima viatu vya mpira vya binti zake, akatupa vipande vya kamba na taitai, yaani vijikamba vya kufungia, tufunge mbegu huku tukizungumza, kwani, alisema, maji hayamngoji mgeni.

Mashamba yake yote yalikuwa ya spinosamu. Kotonii aliiacha, ingawa siku hiyo bei tuliyotajiwa ufuoni ilikuwa shilingi 800 kwa kilo ya spinosamu na shilingi 2,000 kwa kotonii. Ukifika msimu wa kaskazi, maji ya pwani yanapopata joto kupita kiasi, matawi ya kotonii hugeuka meupe, hulegea na kupukutika, na mkulima hubaki na kamba tupu. Wenye uwezo hupanda kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo, na Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyeanzisha jumuiya ya wadau wa mwani Zanzibar, amekuwa akijaribu na wakulima nyavu za umbo la mrija ambazo hushikilia mbegu zisichukuliwe na mawimbi. Lakini kina kinataka mashua, na kinataka mtu ajuaye kuogelea. Bibi alicheka tulipomuuliza kama yeye anajua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dawa ya bei ndogo ni kuhamia kotonii, muulize kwanza nani atanunua mashua na nani atawafundisha kinamama kuogelea.

Upande wa pili wa vigingi, vijana wa Kizungu walikuwa wakiteleza juu ya maji kwa matiara makubwa, na bibi alisema kamba zake zimewahi kukatwa mara kadhaa. Hata hivyo hoteli wanakofikia vijana hao ndizo zinazonunua sabuni za mwani zinazotengenezwa hapo kijijini, na baadhi ya mabinti wa wakulima wanapata mshahara mkubwa humo kuliko walivyokuwa wakipata baharini. Nilitarajia kusikia malalamiko tu. Nilichosikia kilikuwa hesabu.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikula wali wa nazi na mchuzi wa pweza kwa mama lishe, shilingi 6,000 sahani, nyingi kuliko ya kwetu lakini pweza alikuwa laini.

Kwa atakayefuata: piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, kabla ya kuingia mashambani au kupiga picha. Kofia, maji ya kunywa na viatu vya kufunga ni lazima, na usikanyage kamba zilizolala mchangani.

Jumamosi: Bweleo

Bweleo iko upande wa magharibi, njia ya Fumba, mbali na mawimbi ya Paje. Tulitaka kuona kazi ya sabuni kwa macho yetu. Mwani huoshwa kwa maji matamu mara kadhaa, hukaushwa kivulini, husagwa kuwa unga, kisha huchanganywa na mafuta ya nazi, kostiki soda iliyoyeyushwa, na mafuta ya karafuu au mchaichai. Vipande hukatwa, hupangwa rafuni na kuachwa wiki nne hadi sita vikomae. Kipande kimoja kiliuzwa hapo kijijini kwa shilingi 3,000, na kinachofanana nacho nilikuwa nimekiona katika duka la watalii mjini kwa shilingi 12,000, kikiwa kimefungwa karatasi nzuri na ukili.

Mama Katibu aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa bora kuliko yote ya safari: katika vipande vyote hivi, mwani ni kiasi gani? Mwenyeji wetu akatuonyesha kijiko. Kijiko kimoja cha unga kwa kipande. Tulitazamana. Polo moja la mwani mkavu lingetosha kikundi cha sabuni kwa muda mrefu sana, kwa hiyo sabuni haiwezi kuwa soko la tani zetu. Ni soko la mikono, la mafuta ya nazi, la karatasi ya kufungia na la mtu anayejua kuongea na hoteli. Faida yake ni kwamba fedha hubaki kijijini na haingoji bei ya Indonesia. Tangu hapo tukaacha kuyataja masoko haya mawili kwa pumzi moja.

Mwenyeji alitutahadharisha pia kuhusu karatasi. Sabuni isiyo na alama ya taasisi ya viwango hoteli kubwa haziichukui, na bidhaa za kula, kama unga wa mwani, jeli, achari na biskuti, hufuatiliwa kwa ukali zaidi. Tulisikia kwamba wateja wa Marekani na Uingereza wananunua mwani mkavu wa rangi za dhahabu na zambarau kwa ajili ya jeli ya kunywa, kwa bei ambayo viwanda vya karajinani haviifikii. Hilo ni kweli, na biashara hiyo huonekana wazi mitandaoni; lakini mteja wa kula huuliza vipimo vya maabara, vya bakteria, vya metali nzito na vya madini joto, na mwani ulioanikwa juu ya mchanga palipopita mbuzi hauwezi kupita. Kwa upande wa bara, kikundi kidogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo barua yake ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo kufika TBS, shirika la viwango.

Jumapili na Jumatatu: Mkoani, Chake Chake, Micheweni

Boti ya Pemba ilikuwa shilingi 35,000, na safari haina la kusimulia. Kutoka Mkoani tulipanda gari namba 603 hadi Chake Chake, tukalala, na kesho yake tukaelekea kaskazini. Njiani tulipita Chamanangwe, eneo la viwanda ambako Serikali ya Zanzibar imeelekeza mradi wa kiwanda cha kusarifu mwani kupitia kampuni yake. Usarifu wa nusu, ambao mwani huchemshwa katika maji yenye alkali ya potasiamu kisha hukaushwa na kukatwa vipande, unahitaji umeme wa uhakika, maji matamu kwa wingi na mahali salama pa kumwagia maji machafu, vitu ambavyo kikundi cha kijiji hakina. Ndiyo maana sikuona aibu kuwaambia wanachama kwamba kiwanda si kazi yetu.

Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na ukifika Micheweni unaona kwa nini. Ardhi ni ya mawe, mashamba ya nchi kavu ni haba, na bahari ipo mlangoni. Tulifika jioni, gari la kuelekea Kiuyu lilikuwa limeondoka. Mwalimu mmoja wa madrasa aliyetukuta tumekaa juu ya mabegi alituuliza tumetoka wapi, na aliposikia Tanga akasema kwamba mama yake alizaliwa Tanga, basi sisi ni wajomba. Mama Katibu alilala na mabinti wa nyumba, mimi barazani ndani ya chandarua, na chakula kilikuwa mkate wa mofa na dagaa wa nazi. Alfajiri alitutafutia bodaboda mbili na kupatana nazo bei yeye mwenyewe, shilingi 3,000 kila moja, ili tusilanguliwe.

Jumanne: Kiuyu

Bamvua lilikuwa likiisha, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya kuanika na kupima. Mwani ulikuwa umetandazwa kila mahali: juu ya makuti, juu ya nyavu kuukuu, juu ya mawe, na sehemu chache juu ya vichanja vya miti. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mkavu, na kwa jua zuri kazi huchukua siku mbili au tatu. Mvua ikiunyeshea, rangi huchujuka na mzigo hukataliwa au hununuliwa kwa kutupwa.

Hapa ndipo tulipoona jambo lililotuhusu zaidi. Wakulima wawili walipima mzigo unaofanana, mmoja baada ya mwingine, na bei zao hazikuwa sawa. Tulipouliza, mzee aliyekuwa akishona mapolo alitufafanulia: wa kwanza alikopeshwa kamba na taitai na mnunuzi, kwa hiyo hana budi kumuuzia yeye kwa bei yake, wa pili alinunua kamba kwa fedha zake na humuuzia amtakaye. Mkopo huo si dhuluma kwa maana ya moja kwa moja, kwani bila kamba za mnunuzi wengi wasingeanza kabisa, na mnunuzi naye huhatarisha mali yake baharini. Lakini mtu akitafuta soko jipya wakati kamba zake si zake, anatafuta kitu asichoweza kukitumia. Usiku ule, kwa mwanga wa simu, nilipitia daftari la kikundi chetu na kuhesabu ni wanachama wangapi wanatumia kamba za wakala. Walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa atakayefuata: beba noti ndogo ndogo, kwa sababu chenji ni tabu na wakala wa fedha za simu huishiwa fedha taslimu siku za mzigo.

Alhamisi na Ijumaa: meli ya Tanga

Meli ya Pemba kwenda Tanga haisafiri kila siku, na yetu ilichelewa saa sita kwa sababu ya upepo. Tulikaa bandarini tukila kachori na kunywa kahawa ya tangawizi. Kijana mmoja alitushawishi tupande dau la mizigo lililokuwa likiondoka usiku, kwa nusu ya nauli. Tulikataa, na ninamshauri kila mtu akatae: vyombo hivyo havina ruhusa ya abiria, na mkondo wa Pemba si wa kuchezewa wakati wa kusi.

Jumamosi: Horohoro, Lunga Lunga, Kibuyuni

Barabara ya Tanga hadi Horohoro ni ya lami na Kosta ilitufikisha mpakani kabla ya saa tatu. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na ni vizuri kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi. Upande wa Kenya tulipanda matatu hadi njia panda ya Shimoni, kisha bodaboda, shilingi 200 za Kenya kila mmoja.

Kibuyuni ni jirani yetu kiasi kwamba lafudhi zinakaribiana, na wanalima spinosamu ile ile, wakisaidiwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Kilichotuvutia ni vichanja. Mwani ulikuwa umeinuliwa kutoka ardhini, hewa inapita chini na juu, na mama aliyetupokea alikung'uta fungu moja mbele yetu: chumvi ilidondoka, mchanga hapana. Mama Katibu alipiga picha kumi na tano za miguu ya kichanja, urefu wake na jinsi wavu ulivyopigwa misumari. Tulipewa mahamri na mbaazi, na tulipotaka kulipa tukaambiwa, “Dada, mtalipa sisi tukija Mkinga.”

Kuna nafasi ya biashara mpakani ambayo wengi wetu hatukuijua. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki mwenye bidhaa zilizomo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Alama ya ubora ya nchi mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine za jumuiya. Kwa sabuni, Diani na Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Baada ya kurudi

Kikao kilifanyika Mkinga Jumatano iliyofuata na kiliendelea hadi magharibi. Wanachama waliamua kwamba fedha za akiba zinunue kwanza kamba na taitai za wale wenye deni kwa wakala, kidogo kidogo kila msimu, na kwamba vijengwe vichanja vitatu vya majaribio kwa mfano wa picha za Mama Katibu. Vikundi viwili vya vijiji jirani vimealikwa kuzungumza juu ya kuweka mzigo ghala moja. Kimoja kimekubali kuja, kingine kinataka kwanza kujua mizani itakuwa ya nani. Sampuli ya kilo mbili, iliyokaushwa juu ya kichanja cha kwanza, ilitumwa kwa basi na boti hadi kwa yule mpimaji wa Unguja kwa shilingi 12,000, naye amejibu kwamba unyevu unafaa, mchanga umepungua, na anauliza tena tani ngapi.